PIKIPIKI YA UMEME: MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Wanachama kadhaa wametujia ofisini tangu karafuu za mwisho zilipopimwa, na suala lao ni moja: pesa ipo, pikipiki ya umeme yatakiwa, je, inunuliwe mpya au iliyokwisha kutumika? Wengine hawakuja kuuliza bali kuomba mkopo, na bei waliyoiandika katika maombi yao ni ya pikipiki kuukuu. Halmashauri haijakata shauri juu ya maombi hayo. Tumeona yafaa tutoe rai yetu hapa mapema, ili mwenye kuafiki aafiki, na mwenye kupinga apate nafasi ya kujitayarisha kabla ya mkutano.

Kwamba pikipiki ya umeme yafaa katika kisiwa chetu cha Pemba, hatuna haja ya kusema mengi. Tangu mwaka 2010, waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga umetuunga na umeme wa bara, na aliye na umeme nyumbani kwake hana haja ya kupanga foleni ya petroli. Tena pikipiki hii haina oili ya kumwaga, haina plagi wala kabureta. Kinacholika ni breki, mipira na beringi, na hivyo kila fundi wetu anavijua.

Lakini hapo ndipo watu wanapoghurika. Sisi tumezoea kununua pikipiki ya petroli iliyotumika, na wala hatukupata khasara kubwa kwa desturi hiyo. Ya petroli huzeeka kwa makelele: itatoa moshi, itagonga, itavuja, na mnunuzi mwenye macho na masikio ataijua. Ikifa, fundi wa Konde au wa Mtambile ataifungua, atatia ringi mpya, na kesho itarudi kazini. Ya umeme huzeeka kimya. Hung'aa, huwaka taa zote, huzunguka uwanja wa muuzaji bila ya tatizo, na huku betri yake imekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake. Na betri ndiyo yenye thamani kuliko kitu chochote kingine katika chombo hicho. Mwenye kununua pikipiki ya umeme amenunua betri, na vilivyobaki amepewa juu yake.

Natufanye hesabu, maana sisi ni watu wa mizani. Betri ya volti 72 na ampia 40 kwa saa, ukizidisha, ina wati 2,880 kwa saa, yaani karibu yuniti tatu za mita ya nyumbani. Tuseme mwanachama anatoka Chake Chake kwenda Wete na mzigo, kadiri ya kilomita 30. Kwa mzigo na vilima vyetu tukadirie wati 50 kwa saa katika kila kilomita: amekwisha kutumia 1,500. Kurudi mtupu tukadirie 35 kwa kilomita, nazo ni 1,050. Jumla ni 2,550. Betri mpya itamrudisha nyumbani, na akiba kidogo itabaki. Sasa chukua betri hiyo hiyo iliyopungua ikabaki na asilimia 70 ya nguvu zake. Ina 2,016 tu. Kwenda imetoa 1,500, zimebaki 516, nazo ni za kilomita 14 au 15. Atasimama nusu ya njia, usiku, akisukuma.

Na hiyo ni siku ya kawaida. Katika msimu, kila mmoja wetu anajua kwamba karafuu mbichi huwa nzito kadiri ya mara tatu ya zile kavu zitakazotoka humo. Kwa hivyo mzigo mzito kabisa ni ule wa kutoka shambani kwenda uwanjani kuanikwa, katika njia mbaya kabisa, na ndio mzigo usiongoja. Karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia hupata moto, huchacha, zikikauka zimenywea na kuwa nyeupe, na bei yake twaijua. Pikipiki iliyokufa mlimani siku hiyo inaangamiza na mavuno.

Je, tuseme basi iliyotumika isinunuliwe kabisa? La, hatusemi hivyo, kwa sababu neno “mpya” nalo lina hila zake. Zipo pikipiki mpya za bei nafuu zenye betri za risasi na asidi. Betri hizo ni nzito, na aghlabu hudumu kwa kuchajiwa mara 300 hadi 500 kamili, kisha huchoka. Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfati, zikitunzwa, huchajiwa mara 2,000 na kuzidi. Kwa hivyo iliyotumika mwaka mmoja yenye betri ya aina hiyo, iliyopimwa ikaonekana nzima, ni bora kuliko mpya ya risasi. Vile vile, mwenye kupata pikipiki kuukuu yenye fremu na mota nzima, akaihesabu kama haina betri na kumlipa muuzaji hivyo hivyo, kisha akatia betri mpya inayoelewana nayo kwa volti na kwa viungo vyake, huyo hakukosea. Twasikitika kwamba wauzaji wachache hukubali kuihesabu hivyo.

Yako mambo mawili ambayo wanachama wengi hawayajui. La kwanza, usifurahi ukiambiwa pikipiki “haikutumika sana, ilikaa tu.” Betri iliyoachwa tupu miezi mingi huharibika kwa kukaa, na ya lithiamu ikishuka kupita kiasi, kifaa cha kuilinda huweza kukataa kabisa isichajiwe. Hata ya dukani ulizia tarehe ya betri kutengenezwa, si tarehe iliyofika kisiwani.

La pili ni zito zaidi. Huko bara, khasa Rwanda na Kenya, yako makampuni yanayomwuzia dereva pikipiki bila ya betri. Betri hubaki mali ya kampuni, naye dereva huipeleka tupu kituoni akapewa iliyojaa na kulipa. Ni mpango mzuri palipo na vituo. Mjini Kigali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme tu, na mipango ya namna hii imesaidia. Lakini pikipiki kama hiyo ikivushwa ikaletwa kwetu, mnunuzi amenunua kitu gani? Ama hana betri, ama anayo ambayo muuzaji hakuwa na haki ya kuiuza. Kwa hivyo ulizia hati ya betri mbali na hati ya pikipiki, na nambari zote mbili zisomwe juu ya chombo chenyewe.

Kupima nako kuwe kwa kweli. Kipimo cha volti peke yake, chombo kikiwa kimesimama, hakitoshi, kwani betri mgonjwa nayo huweza kuonyesha volti nyingi ikiwa imejaa. Ichajiwe mpaka ijae, apakiwe mtu na gunia, ipande mlima unaoujua wewe, si ule anaouchagua muuzaji. Itazame alama ya betri mlimani: ikianguka ghafula kisha ikapanda tena ukisimama, mrudishie ufunguo wake. Ishike mota ya gurudumu uone joto lake. Fungua viungo vya waya utazame kutu ya kijani, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba.

Sasa rai yetu juu ya mikopo. Fedha ya Jumuiya ni ya wanachama wote, na miaka ya mavuno makubwa haifuatani. Twaona mkopo usitolewe kwa pikipiki ambayo betri yake huenda ikafa kabla ya deni kwisha. Kwa mpya, dhamana ya betri iwe kwa maandishi, itaje miaka na kiasi cha nguvu kitakachobaki, na imtaje atakayeitengeneza akiwa hapa kisiwani. Betri ya lithiamu haipakiwi chomboni kwenda Dar es Salaam kama pakacha la maembe. Kwa iliyotumika, mkopo uwe wa muda mfupi, na utolewe baada ya kupimwa mbele ya mjumbe wa Halmashauri. Wako wajumbe wanaoona tunawabana wanyonge, kwani asiye na uwezo wa mpya ndiye anayetaka kuukuu. Hoja yao ina uzito. Lakini mnyonge huyo huyo ndiye atakayebaki na deni bila ya chombo, na sisi hatutaki kwenda kumdai.

Waliokwisha kuandika maombi wanaombwa walete ofisini hati za pikipiki na za betri kabla ya Halmashauri kukutana. Ambaye hajatoa arubuni, tafadhali aizuie kwanza mpaka chombo kimepanda mlima.