Dirisha letu linaangalia wapi?

Vijana wenzangu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, leo nataka tuongee juu ya dirisha.

Chumba tunachosomea Kiingereza hapa Nyakuron kina dirisha moja tu, na linaangalia barabara. Kuanzia saa kumi jioni boda na raksha zinapita bila kupumzika, na duka la jirani linawasha jenereta. Bomba lake la moshi liko upande wetu. Tukifunga dirisha, tunachemka chini ya mabati. Tukifungua, tunakohoa. Mdogo wangu ana pumu. Wiki ya tatu akaniambia, "Yaya, mimi huko sirudi." Hivyo ndivyo alivyoacha masomo. Huyu ni mtoto aliyetembea kutoka Kivu bila kulalamika.

Kila mtu analaumu magari. Sawa, gari chakavu linatoa moshi, nani atabisha? Lakini moshi uleule unamfikia huyu sana na jirani yake kidogo, na mara nyingi tofauti iko kwenye jengo.

Fikiria barabara iliyobanwa na majengo marefu pande mbili. Upepo unapita juu ya mapaa, huku chini hewa inazunguka palepale kama uji unaokorogwa kwenye sufuria. Ikizunguka hivyo, inarudisha moshi kwenye ukuta wa upande ule upepo unakotoka. Yaani mama wa chai aliyejibanza chini ya ukuta akwepe upepo anaweza kuvuta moshi mwingi kuliko mwenzake wa ng'ambo anayepigwa na upepo usoni. Waliopita River Road kule Nairobi wanajua ninachosema. Juba bado ni mji wa nyumba fupi, lakini ghorofa zinaongezeka, na kwenye njia nyembamba uzio mrefu wa zinki unafanya kazi ileile kwa kiasi chake.

Mtasema, si uzio ndio unatukinga? Ni kweli, lakini inategemea moshi uko upande gani. Ukuta usio na matundu kati yako na barabara unapunguza moshi unaokufikia. Hata ua wa miti iliyoshonana unasaidia. Lakini ukishazungusha uzio halafu jenereta ukaiweka ndani, umejifungia na moshi. Tena jenereta inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Siombi mtu abomoe uzio wake. Usiku wa Juba tunaujua wote.

Sasa ninyi wa mashirika. Mkija kukagua nyumba ya kukodi mnahesabu vyoo, mnapima paa, mnauliza usalama. Asanteni, hayo yote yanahitajika. Ila mimi sijawahi kusikia mtu akiuliza: watoto watakaa upande gani wa moshi? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe ndogo za moshi ambacho hewa haipaswi kuzidi kwa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, tena pua yake iko karibu zaidi na bomba la gari.

Kuhama mbali na barabara wengi wetu hatuwezi. Haya tunaweza:

Stoo na ofisi ziwe upande wa barabara, darasa liwe nyuma.

Dirisha litobolewe upande wa uani, na matundu yaachwe juu ya ukuta chini ya paa, joto lipate pa kutokea.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, bomba lake lielekee kule upepo unakokwenda.

Anayejenga upya asogee nyuma kidogo kutoka barabarani na aache nafasi kati ya jengo na jengo hewa ipite. Hong Kong, baada ya ugonjwa wa SARS wa 2003, serikali ilianza kudai miradi yake mikubwa ichunguzwe kwanza kama itaziba upepo. Ikiwa mji uliojaa ghorofa namna ile unaweza kujiuliza swali hilo, sisi wenye uwanja wazi tunashindwaje?

Sisi tumeanza. Tumehamishia madawati chumba cha nyuma, na mwenye nyumba amekubali tutoboe dirisha upande wa uani. Tumeongea pia na jirani wa jenereta, kwa heshima, na amesema ataligeuza bomba. Pesa ya fundi bado haijatimia, tunachangishana. Nilipomwambia mdogo wangu, hakunijibu ndiyo wala hapana. Amesema atakuja kwanza kuona hilo dirisha.