Siku Hii Zamani: 26 Oktoba

Tarehe 26 Oktoba, mwaka wa 1863, wakuu wa vilabu kadhaa walikutana London wakaunda chama cha mpira. Sheria za mchezo ziliandikwa kabla ya mwaka kwisha. Wapenda mpira wanayo haki ya kuikumbuka siku hiyo. Lakini habari iliyo kubwa zaidi ni ya ndui.

Mwaka wa 1977, mjini Marka katika Somalia, vipele vya ndui vilimtokea Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Siku chache kabla yake alikuwa amepanda gari lililochukua watoto wawili wagonjwa, ili kumwonyesha dereva njia. Safari ilikuwa fupi mno, ila yeye hakuwa na kinga. Akapona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili. Ile ya Birmingham ya mwaka wa 1978 ilizuka penye maabara.

Ikahesabiwa miaka miwili kamili. Tarehe 26 Oktoba 1979, mjini Nairobi, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha Kenya, Somalia, Uhabeshi na Jibuti.

Baadaye Maalin aliwahimiza wazazi wa Kisomali wachanje watoto wao wasipate polio, hata alipofariki kwa malaria mwaka wa 2013.