Baba, pima kiuno kabla ya kununua dawa

Kwa wengi wetu kitambi bado ni dalili ya maisha mazuri. Mwanaume akinenepa, jirani humpongeza. Mwanaume huyo huyo akianza kuchoka ovyo, kukosa hamu ya tendo la ndoa au kuhangaika kupata mtoto, huenda kimyakimya kununua dawa za "nguvu za kiume" mitaani. Ni nadra kuulizwa uzito wake.

Sisi tunasema aulizwe. Mafuta ya tumboni hayakai bure. Yana kimeng'enya kinachobadili testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Unene pia hudhoofisha amri ambazo ubongo hutuma kwenye korodani, na homoni huzidi kushuka.

Habari njema ni kwamba hali hii inaweza kurekebishika. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa Endocrine Society mjini Houston, Marekani, watafiti walieleza habari za wanaume karibu 900 wanene ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliosaidiwa kubadili mlo na kufanya mazoezi walipungua wastani wa kilo 8 hivi kwa mwaka. Mwanzoni, 20 kati ya kila 100 wa kundi hilo walikuwa na testosteroni ya chini. Baada ya mwaka walibaki 11.

Kupungua si kushinda njaa, kwani kujinyima kupita kiasi hushusha homoni hiyo hiyo. Punguza soda, chipsi, pombe na kilima cha ugali. Ongeza mboga, maharage na samaki. Tembea haraka nusu saa kila siku, na ulale vya kutosha.

Kinachotutia hofu zaidi ni sindano za testosteroni zinazochomwa bila daktari. Homoni ikitoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani, na utengenezaji wa mbegu unaweza kusimama. Anayetafuta mtoto hujiharibia mwenyewe.

Chukua futi ya fundi cherehani, upime usawa wa kitovu. Kiuno kikizidi sentimita 94 na dalili zipo, nenda hospitali, ikiwezekana na mwenzako. Omba kipimo cha homoni, damu ichukuliwe asubuhi, na upimwe sukari na presha pia. Si kila tatizo hutokana na unene, hivyo mwache daktari atafute chanzo kabla hujatoa hela yako kwa muuza chupa.