Nane Nne Haziongezi Kasi

SAFU YA WAYA NA WIMBI
Na Idrisa Kombo

Intaneti ya nyumbani ikianza kuburuza miguu, hakosekani mtu wa kutoa dawa: ingia kwenye mipangilio, futa namba za DNS ulizopewa na kampuni, weka 8.8.8.8 za Google au 1.1.1.1 za Cloudflare, kisha ukae ule raha. Ni dawa ya bure, haihitaji fundi, ndiyo maana imeenea. Nimewahi kuandikiwa hata na kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni moja, nilipolalamika kwamba faili linashuka kwa kusuasua. Aliniandikia dawa bila kuuliza ninaumwa wapi.

Mfumo wa DNS, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, kazi yake ni kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba inayoeleweka na mashine. Ni kama kuwauliza vijana wa bodaboda kijiweni nyumba ya fulani iko wapi. Wakikuelekeza upesi utaondoka upesi, lakini lori lako la mchanga litapita barabara ileile, yenye mashimo yaleyale. Swali na jibu huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na kifaa chako hulikumbuka jibu kwa muda. Filamu ya gigabaiti 3 kwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hushuka kwa dakika 20 hivi, maana baiti moja ni biti 8, hesabu ambayo matangazo hayapendi kutukumbusha. Punguza milisekunde 50 kwenye dakika hizo 20 uone kama utapata hata muda wa kupiga chafya.

Nafuu ipo kwenye kufungua kurasa. Ukurasa wa gazeti uliojaa matangazo unaweza kuhitaji majina kumi, hata ishirini, na seva ya DNS ikizembea ukurasa hubaki mweupe. Hapo namba mpya husaidia kweli, na mtu ataapa kwamba kasi imepanda, kumbe kilichopungua ni kusubiri kuanza.

Lakini kuna mahali DNS huugusa upakuaji wenyewe, na hapo wagawa dawa hunyamaza. Kampuni kubwa za video na programu huweka nakala za mafaili yao katika miji mingi, nyingine ndani ya mitambo ya watoa huduma wetu. Mara nyingi DNS ndiyo huamua upewe nakala ipi, kwa kutazama swali limetokea wapi. Seva ya kampuni yako ikiwa Dar es Salaam, utapewa nakala ya jirani. Ukihamia seva ya mbali, mwenye faili anaweza kudhani na wewe uko huko, akakuletea mzigo kutoka Ulaya ilhali mzigo huohuo uko mtaa wa pili. Google hupunguza tatizo hilo kwa kuwapelekea baadhi ya wenye mafaili sehemu ya anwani ya muulizaji. Cloudflare hukataa kufanya hivyo kwa sababu ya faragha, na hutegemea kuwa na vituo katika miji mingi, ikiwamo Nairobi na Dar es Salaam. Mimi naiunga mkono hoja ya faragha. Hata hivyo, kama kituo cha jirani kitakufikia au la hutegemea njia ambazo kampuni yako imeziunganisha, kwa hiyo namba ileile inaweza kukufaa wewe na kumponza jirani yako.

Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora. Hakuna namba ya DNS inayounga mkongo chini ya bahari. Wala hakuna inayopenya ukuta wa zege uliotenganisha ruta ya sebuleni na chumba cha kulala.

Kinachoniudhi kuhusu dawa hii ni kwamba humhamishia mnunuzi kazi ya muuzaji. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, pima kasi mchana, kisha pima tena saa tatu usiku. Waya ukitoa kasi uliyoilipia na Wi-Fi isitoe, sogeza ruta au tumia masafa ya gigahezi 5 ukiwa karibu nayo. Usiku kasi ikiporomoka hata kwenye waya, huenda kampuni imewarundika wateja wengi kwenye njia moja. Vipimo hivyo, vyenye tarehe na saa, ndivyo vya kuwapelekea, na kama hawajibu, mpelekee mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Ukitaka kujaribu namba hizo hata hivyo, jaribu. Ziandike kwanza za zamani mahali, kisha pakua faili lilelile kabla na baada, saa zinazofanana. Na ujue kwamba atakayekujibu maswali yako sasa ndiye atakayejua majina ya tovuti unazozifungua.