Kilwa: Magofu ya Kisiwani yamenusurika, nani ataiokoa Kivinje?

MWAKA 2014 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliyaondoa Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Yalikuwa yamekaa humo kwa miaka kumi, tangu 2004, na kuondolewa kwake kulipokewa kwa furaha na kila aliyekuwa akifuatilia habari za mambo ya kale nchini.

Furaha hiyo ilistahili. Hata hivyo, anayefika Kilwa leo na kupita katika miji yake yote mitatu, Masoko, Kisiwani na Kivinje, hawezi kuacha kujiuliza ni Kilwa ipi hasa iliyookolewa, na kwa manufaa ya nani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika huko, ni vema kueleza kwanza jinsi mambo yalivyokaa. Kilwa iko mkoani Lindi, kilometa zipatazo 300 kusini mwa Dar es Salaam. Barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara haifiki baharini. Msafiri huteremka Nangurukuru na kuchukua njia ya kuelekea pwani. Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, penye ofisi, soko, gati na nyumba za wageni. Kisiwani ni kisiwa kinachoonekana kwa macho ng'ambo ya mlango wa bahari, mwendo mfupi wa mashua. Kivinje iko kaskazini mwa Masoko, umbali usiofika kilometa 30, na watalii wengi huipita bila kuigeukia.

Kisiwani ndiko kuliko na jina. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alifika mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitawala, na akaandika kuusifu mji huo. Wakati ule dhahabu kutoka Sofala, iliyokuwa ikichimbwa katika nyanda za Zimbabwe ya leo, ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa kabla ya kuvuka bahari. Masultani walijifulia sarafu zao za shaba. Chache kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Utajiri huo ndio uliojenga Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake wa mwanzo ni wa karne ya 11 na uliopanuliwa baadaye kwa kuba na nguzo za matumbawe. Ndio pia uliojenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lililosimama juu ya jabali linalotazama bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Jumba hilo halikupata kukamilika. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji, wakajenga ngome, na kufikia 1512 walikuwa wamekwisha kuondoka. Gereza tunaloliona leo ufukweni ni kazi ya Waarabu wa Oman, iliyojengwa juu ya mabaki ya ngome hiyo.

Songo Mnara, kisiwa kilichoko kusini zaidi, kina misikiti mitano, jumba la kifalme na nyumba za mawe zipatazo 33 zilizozungukwa na ukuta. Safari ya kwenda huko hutegemea maji kujaa na kupwa, na mgeni asiyekuwa na subira hurudi Masoko bila kukiona. Kwa maoni yangu, huko ndiko mahali pazuri kuliko pote wilayani kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi Waswahili wa karne ya 14 na 15 walivyoishi majumbani mwao, wala si jinsi masultani walivyojionyesha.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Kilichoyaingiza magofu haya katika orodha ile si jambo moja. Mawimbi yalikuwa yakila kingo za kisiwa na kuangusha kuta zilizo karibu na maji, Gereza likiwa mfano ulio dhahiri. Mizizi ya miti ilikuwa ikipasua chokaa. Mikoko, ambayo ndiyo kinga ya asili ya ufukwe, ilikuwa ikikatwa. Kwa misaada ya nje, ikiwamo ya Norway na Marekani, kuta ziliimarishwa, ukingo wa bahari ukajengewa kinga na mikoko ikapandwa upya, wanakijiji wenyewe wakishiriki katika kazi hizo.

Hapo ndipo penye somo ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Kisiwani si makumbusho yaliyofungwa, ni kijiji. Watu wanalima, wanavua na kuzikana katikati ya kuta za miaka 700. Mwanakijiji anayekata boriti za mikoko hafanyi hivyo kwa kuuchukia urithi wa dunia, bali kwa sababu nyumba yake inahitaji paa. Akiona mgeni anashuka, anapiga picha na kuondoka kabla ya maji kupwa, huku fedha za kibali zikiwa zimekwisha kulipwa ng'ambo, ni vigumu kumshawishi kwamba ukuta ule una thamani kuliko boriti.

Tangu magofu hayo yalipowekwa chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ulinzi na utangazaji vimeongezeka. Inashangaza kidogo kuona askari wa wanyamapori wakilinda misikiti, lakini ukweli ni kwamba Idara ya Mambo ya Kale haikuwa na watu wala fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Meli za kitalii kutoka nje nazo zimekuwa zikitia nanga Kilwa na kushusha wageni kwa makundi. Ni habari njema, ila tuseme kweli: abiria wa meli hulala melini na kula melini. Mwenye nyumba ya wageni pale Masoko huwaona wakipita tu.

Mgeni anayelala ni yule anayekuja kwa barabara, na barabara ndiyo iliyokuwa kikwazo cha kusini kwa miaka mingi. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo safari ilitegemea kivuko, na masika yalipokolea watu walilala njiani. Lami imekwisha kuwekwa, lakini Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika katika maeneo kadhaa wilayani Kilwa na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mwenye hoteli anayefikiria kuwekeza Kilwa hulikumbuka jambo hilo kuliko anavyomkumbuka Ibn Battuta.

Yote hayo yanaihusu Kisiwani, ambayo angalau ina mlinzi na ina jina katika orodha ya dunia. Kivinje haina bahati hiyo.

Kivinje ndiyo iliyorithi biashara ya Kisiwani katika karne ya 19. Misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapo ikiwa na pembe za ndovu na watumwa, na kwa miaka mingi hakukuwa na bandari ya bara iliyopeleka watumwa wengi zaidi katika soko la Unguja. Biashara hiyo ilikuwa na mizizi ya zamani. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Ni historia ya aibu na ya uchungu, nayo imo katika kuta za nyumba zile za ghorofa zenye milango ya nakshi.

Wajerumani walipokuja walijenga boma pale ufukweni. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha, na mwembe unaohusishwa na kunyongwa kwa wapinzani wao hubeba jina la Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, watu wa Matumbi, katika milima iliyo nyuma ya Kilwa, walikataa kulima pamba ya kulazimishwa, na hapo vikaanza Vita vya Maji Maji. Mapango ya Nang'oma yaliyoko katika milima hiyo yalikuwa maficho ya watu wakati wa vita.

Kwa maneno mengine, Mtanzania anayetaka kuona mahali utumwa na ukoloni vilipoacha alama, na mahali vilipopingwa, anayapata yote Kivinje na vilima vyake kwa safari ya siku mbili. Atakachokuta mjini ni boma lililochakaa, nyumba zisizo na paa, na miti iliyoota ndani ya vyumba vya mbele.

Sheria ina sehemu yake ya lawama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji kutangazwa na waziri. Sehemu kubwa ya kinachoipa Kivinje sura yake, likiwamo boma la Wajerumani, ni ya baada ya mwaka huo. Milango ya nakshi ina ahueni kidogo, kwani sheria hiyo inaikinga ile iliyochongwa kabla ya 1940, lakini mlango haubaki ukutani iwapo ukuta wenyewe umeanguka.

Tena, tangazo la waziri halipandishi paa. Nyumba nyingi za aina hiyo ni za urithi wa familia, wenyewe wametawanyika Dar es Salaam, Unguja na kwingineko, na hakuna mrithi mmoja mwenye uwezo au haki ya kukarabati peke yake. Zanzibar ilikumbana na tatizo hilo hilo katika Mji Mkongwe, ikaunda mamlaka maalumu ya kuhifadhi mji tangu miaka ya 1980, muda mrefu kabla ya kutambuliwa na UNESCO mwaka 2000. Kilwa haijapata chombo cha namna hiyo.

Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Mradi huo wa mabilioni ya shilingi unatarajiwa kuongeza watu, magari na mahitaji ya viwanja wilayani. Halmashauri ya wilaya ina nafasi sasa, kabla bei ya ardhi haijapanda, ya kupima eneo la mji wa kale wa Kivinje, kuorodhesha kila nyumba na wenyewe, na kuomba tangazo la waziri kwa zile zinazostahili. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Inahitaji mpima ardhi, mwanasheria na miezi michache kabla ya masika mengine.