Kocha aliyekataa droo, mi namtetea

Wadau, leo tuhamie Marekani kidogo, kwenye ile futiboli yao ya helmeti, tena divisheni ya tatu ya vyuo. Huko hakuna skolashipu ya michezo. Dogo anagongwa mbavu Jumamosi na kucheza kwake hakumlipii ada hata senti.

Sasa fainali ya Desemba 2023, Salem, Virginia. North Central, mabingwa watetezi, hawajafungwa msimu mzima, wako nyuma 38-31 mbele ya Cortland. Imebaki dakika moja na kitu wakafunga, ikawa 38-37. Wangepiga teke tu wapate pointi moja, ngoma droo. Kocha akagoma, akataka mbili. Pasi ikakataa. Cortland bingwa, mara ya kwanza kabisa.

Washkaji kijiweni wananiambia kocha alizingua. Jamani! Ukuta wako umeshatobolewa pointi 38, halafu unaomba muda wa nyongeza wa nini? Na teke nalo hukosa, tusisahau. Ile pasi ingeshikwa, hawa hawa wangemwita fundi.

Inayoniuma ni wale wa mwaka wa mwisho, maana msimu uliofuata North Central walibeba tena kombe, wao wameshamaliza chuo.