Somo la Kuchora Lisingoje Shehena

Katika shule nyingi za Butembo na Beni, somo la kuchora na kazi za mikono ndilo la kwanza kuahirishwa, na udhuru unaotolewa ni ule ule kila mwaka: rangi hazipo, brashi hazipo, na karatasi ya kuchorea ni ghali. Udhuru huo una sehemu yake ya ukweli, kwa kuwa vitu hivyo, kama bidhaa nyingi za madukani mwetu, hushushwa bandarini Mombasa, huvushwa Kenya na Uganda kwa malori, hutozwa ushuru mpakani Kasindi, kisha hupita barabara ambayo wasafiri huiogopa kwa sababu ya mashambulio; na kila hatua ya safari hiyo huzidisha bei, hata mzazi aliyekwisha kununua sare na madaftari asibakiwe na akiba. Lakini kuufanya ukweli huo kuwa hoja ya kulifuta somo lenyewe ni jambo ambalo, kwa taadhima yote niliyo nayo kwa walimu wetu, siwezi kuliafiki.

Tutazame kwanza vilivyomo darasani. Tangu masomo ya msingi katika shule za serikali yalipofanywa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na kadiri watoto wanavyozidi ndivyo yanavyozidi masalia: vipande vya chaki vifupi visivyoshikika tena, kalamu za rangi zilizokauka, na madaftari yaliyoandikwa upande mmoja. Chaki hizo, zikitwangwa, zikachekechwa kwa kitambaa, zikakorogwa na gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa kama uji mwepesi, huwa rangi nzito inayoshika vizuri juu ya katoni. Kalamu iliyokauka, ncha yake ikitumbukizwa katika maji kidogo usiku kucha, hutoa wino wa kutosha kupaka anga ya picha nzima. Udongo wetu mwekundu, ukichujwa na kuachwa utuame, hupatana na gundi ile ile ya muhogo. Na utomvu wa mgomba, ambao kila mama wa hapa huujua kwa madoa yasiyotoka nguoni, ni wino wa kahawia ambao haukupata kulipiwa ushuru Kasindi.

Makaa ya kuchorea nayo yana ufundi wake. Hutwaliwa kopo tupu la maziwa ya unga, kifuniko chake kikatobolewa tundu moja kwa msumari, na ndani yake vikapangwa vijiti vya mkaratusi vilivyobanduliwa maganda, vyembamba kama kidole cha mtoto, vikabanana pasiwe na nafasi. Kisha mtu mzima huliweka kopo motoni jikoni. Moshi utatokea tunduni kwa muda, na utakapokoma, kopo huepuliwa na kuachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwani likifunguliwa lingali moto, hewa huingia na vijiti vyote vikageuka majivu. Mtoto aliyeyashuhudia hayo atauliza kwa nini, na mwalimu akimjibu atakuwa amefundisha somo la sayansi ndani ya somo la sanaa.

Wala njia hii si ya watu duni. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vibao vya ujenzi na rangi ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ungali unaitwa kwa jina lake. Na hapa kwetu Kongo, Bodys Isek Kingelez alijenga miji mizima ya kuwaziwa kwa katoni, karatasi na vifungashio, kazi zake zikaonyeshwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufa kwake, jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa. Katoni za namna hiyo huchomwa moto nyuma ya maduka ya Butembo jioni kwa jioni.

Hata hivyo si kila kilichotupwa kinafaa mkononi mwa mtoto. Miji yetu, iliyokaa na Ebola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, haina ruhusa ya kusahau: chupa za dawa, glavu na chochote kilichotoka hospitalini kisifike darasani kamwe, hali kadhalika unga mweusi wa betri kuukuu, ambao sehemu nyingi za Afrika hutumiwa kusiliba ubao.

Naliandika hili nikiwafikiria zaidi watoto wa Beni, ambako mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yameziondoa jamaa nyingi vijijini mwao, na ambako darasani huketi mtoto aliyefika na nguo aliyoivaa tu. Aghalabu mtoto asiyeweza kusimulia aliyoyaona huweza kushika makaa na kuchora, nasi tusimlazimishe achore vita. Akitaka kumchora mbuzi wake aliyeachwa nyumbani, na amchore. Kumwambia mtoto huyo angoje mpaka rangi za dukani zifike ni kumnyima haki ambayo haimgharimu mtu chochote.

Serikali haisamehewi wajibu wake kwa hayo, kwani ustadi wa mwalimu wa kuokoteza haukukusudiwa kuziba pengo la bajeti, na karatasi na brashi za shule bado yaipasa kuzileta. Ila wakati deni hilo halijalipwa, nawaomba wakuu wa shule walirudishe somo la kuchora katika ratiba muhula huu, na mafundi cherehani wawawekee watoto vipande vya vitenge. Nanyi wafanyabiashara wa Butembo, mnaofungua mizigo kila siku, zikunjueni katoni zenu, zifungeni kamba, mziweke mlangoni, ili mwalimu apitapo azichukue.